Je, Ni Matope Yaliyotulea?



Katika mikusanyiko yetu hapa Dubai, iwe ni harusi Deira, futari Sharjah au khitma ya marehemu, kuna mazungumzo ambayo hayakosekani. Mtoto anakohoa, mama yake anatoa pampu ya pumu mkobani, na papo hapo mzee mmoja anatikisa kichwa. "Sisi," husema, "tulicheza matopeni, tukaokota embe chini tukalipangusa kwa shati, tukanywa maji ya kisima. Nani alikuwa na pumu? Nani aliijua hiyo aleji? Nyinyi watoto wenu mmewalea kwenye chupa." Wengi hucheka na kuitikia. Mama wa mtoto hunyamaza.

Ninaandika makala haya kwa sababu ya ukimya huo wa mama. Kauli ya mzee ina ukweli ndani yake, ukweli ambao wataalamu wa Ulaya waliuzunguka kwa zaidi ya miaka 100 kabla ya kuukubali. Lakini ina upungufu mkubwa pia, na upungufu huo unaweza kumdhuru mtoto. Tuifuate historia yake hatua kwa hatua, tuone wapi mzee amesema kweli na wapi amesahau.

Maradhi ya wenye nacho

Tuanze na maana ya neno. Mzio, au aleji kama wengi wetu tunavyosema, ni pale kinga ya mwili inapopigana na kitu kisicho adui: chavua ya maua, vumbi la nyumbani, paka, yai, karanga. Matokeo yake huwa mafua yasiyokwisha, macho kuwasha, ukurutu (ambao kwetu wengi huuita pumu ya ngozi), au pumu yenyewe. Si kila pumu hutokana na mzio, lakini pumu nyingi za utotoni zinahusiana nao.

Mwaka 1819 daktari wa Kiingereza, John Bostock, aliwaeleza madaktari wenzake mjini London maradhi yaliyomsumbua yeye mwenyewe kila kiangazi: macho kuwasha, chafya mfululizo, kifua kubana. Alipotafuta wengine wenye hali kama yake, baada ya miaka kadhaa alikuwa amepata wachache tu, na wote walikuwa watu wa tabaka la juu au la kati. Miongoni mwa maskini hakumwona hata mmoja. Mwaka 1873 daktari mwingine wa Manchester, Charles Blackley, naye akiwa mgonjwa wa maradhi hayo hayo, alijipaka chavua mwenyewe na kuthibitisha kuwa ndiyo inayoyaleta. Lakini akabaki na fumbo. Wakulima, wanaovuta chavua kuliko watu wote, hawakuugua. Waliougua walikuwa watu wa mjini waliosoma.

Fumbo hilo lilikaa zaidi ya karne moja. Mwaka 1989 mtaalamu wa takwimu za maradhi, David Strachan wa London, alizipitia kumbukumbu za watoto 17,414 wa Uingereza waliozaliwa wiki moja ya Machi 1958 na kufuatiliwa hadi wakawa watu wazima. Katika mambo yote aliyoyapima, moja lilijitokeza wazi: mtoto mwenye kaka na dada wengi waliomtangulia alikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupata mafua ya chavua. Mtoto wa kwanza au wa pekee ndiye aliyeugua zaidi. Strachan akapendekeza kwamba huenda maambukizo madogo madogo anayoyapata mtoto kutoka kwa ndugu zake yanaifunza kinga yake, na kwamba familia kupungua na nyumba kuwa safi zaidi kumeliondoa somo hilo. Pendekezo lake likaja kuitwa nadharia ya usafi. Jina hilo limeleta fahamu potofu nyingi, na tutalirudia.

Ukuta ulioanguka na zizi la ng'ombe

Mwaka huo huo ukuta wa Berlin ulianguka, na Ujerumani mbili zikawa kama maabara iliyofunguliwa mlango. Daktari wa watoto Erika von Mutius wa Munich aliwalinganisha watoto wa mji wake na wale wa Leipzig na Halle, miji ya Mashariki iliyojaa moshi wa makaa ya mawe na viwanda vikongwe. Kila mtu alitarajia pumu iwe nyingi Mashariki. Ikawa kinyume. Watoto wa Mashariki walikuwa na kikohozi na mkamba zaidi, lakini pumu na mafua ya chavua yalikuwa mengi zaidi Magharibi, kwenye hewa safi na nyumba nzuri. Moshi ulikuwa unaumiza mapafu kweli. Ila haukuwa ndio chanzo cha mzio.

Wataalamu wakageukia mashamba. Katika vijiji vya Uswisi, Austria na Bavaria iligundulika, kuanzia mwaka 1999, kwamba watoto waliokulia kwenye shamba lenye mifugo hawakuwa na mzio mwingi kama wenzao wa kijiji hicho hicho ambao wazazi wao hawakufuga. Kilichoonekana kusaidia zaidi ni kuingia zizini tangu uchanga, tena hata mama kuingia zizini akiwa mjamzito.

Mfano unaoeleweka upesi ulitolewa Marekani mwaka 2016. Kuna jamii mbili za Kikristo zenye asili moja ya Ulaya ya kati, Waamish na Wahutterite. Zote ni za wakulima, zote zina watoto wengi, vyakula vyao vinafanana, na hakuna hata moja inayofuga paka au mbwa ndani ya nyumba. Tofauti ni kwamba Mwamish analima kwa farasi na zizi lake liko hatua chache kutoka mlangoni, wakati Mhutterite ana shamba kubwa la mashine, na mifugo iko mbali na watoto wadogo. Pumu kwa watoto wa Waamish ilikuwa kama 5 kati ya 100. Kwa Wahutterite ilikuwa 21 kati ya 100. Watafiti walipochukua vumbi la nyumba za Waamish na kuwavutisha panya wa maabara, panya hao walikingwa wasipate dalili za pumu. Vumbi la Wahutterite halikufanya hivyo.

Hapo, ndugu msomaji, mzee wetu wa Deira ana haki ya kunyanyua kidole na kusema: "Sikuwaambia?"

Kwetu je?

Turudi nyumbani, maana Wazungu na mazizi yao wasije wakatusemea kila kitu. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Jimma, kusini-magharibi mwa Ethiopia. Kifua kulia na pumu vilikuwa vingi zaidi mjini kuliko vijijini, na ushahidi ulionyesha kuwa pumu ilikuwa jambo la miaka ya karibuni tu katika mji ule. Mwaka 1998 madaktari wa Kenya waliwakimbiza watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a, kisha wakawapima pumzi. Mirija ya hewa ilibana kwa watoto kama 23 kati ya 100 wa Nairobi, na kama 13 kati ya 100 wa Murang'a. Uganda nako, Daktari Harriet Mpairwe na wenzake walichunguza watoto wa shule wa Wakiso, pembezoni mwa Kampala, na mwaka 2019 wakaandika kwamba mtoto aliyezaliwa mjini alikuwa na hatari kubwa zaidi ya pumu kuliko aliyezaliwa kijijini, ingawa sasa wote walikuwa wakisoma shule zile zile. Kwa maneno mengine, mahali ulipoanzia maisha huacha alama.

Jambo moja kwetu lina nafasi kuliko Ulaya: minyoo. Mnyoo hawezi kukaa tumboni miaka bila kuituliza kinga ya mwenyeji wake, na kinga iliyotulizwa haigombani ovyo na chavua. Kule Jimma, wenye safura walionekana kupata kifua kulia kwa nadra. Entebbe, kati ya mwaka 2003 na 2005, waja wazito 2,507 waliingizwa katika utafiti ambamo baadhi walipewa dawa za minyoo na wengine vidonge visivyo na dawa, kwa bahati nasibu. Watoto ambao mama zao walipewa dawa ya minyoo iitwayo albendazole walipata ukurutu zaidi utotoni.

Ungesema basi mambo yamekwisha: tuache minyoo. La hasha. Watafiti hao hao wa Uganda walikwenda visiwa vya Koome katika ziwa Viktoria, ambako kichocho kimejaa. Kuanzia mwaka 2012 walichukua vijiji 26 vya wavuvi. Nusu wakavitibu kwa nguvu, mara kwa mara, na nusu kwa kiwango cha kawaida. Baada ya miaka 3 minyoo ilikuwa imepungua zaidi katika vijiji vilivyotibiwa sana, lakini mzio haukuongezeka. Kichocho kilipungua, na watu hawakulipa chochote kwa kupungua huko. Kwa hiyo, kama minyoo ina somo inalolitoa, huenda linatolewa mapema sana, tangu mimba na uchanga, au basi halitolewi na minyoo peke yake.

Sisi wahandisi tunapokamilisha jengo hatuuwashi mtambo tukaondoka. Kuna wiki za kurekebisha vihisi: hiki ni joto la kawaida, usipige kengele, huu ni moshi, piga. Ukiuruka wakati huo, jengo litakaa miaka likipiga kengele kila mtu anapopika chai. Kinga ya mtoto nayo ina majira yake ya kurekebishwa, na majira hayo ni mafupi: tumboni, na miaka michache ya mwanzo. Ndiyo maana kumpeleka kijana wa miaka 15 shambani hakumwondolei pumu aliyokwisha kuipata.

Waliobaki ndio wanaosimulia

Sasa tufike pale mzee alipopasahau.

Mwaka 1960 Kenya ilikuwa ikipoteza takriban mtoto 1 kati ya 5 kabla hajatimiza miaka mitano, na Tanganyika haikuwa na hali nzuri kuliko hiyo. Surua, kifaduro, pepopunda, kuharisha, malaria. Muulize bibi yeyote wa kizazi kile alizaa watoto wangapi, naye atakupa hesabu mbili: aliowazaa, na aliobaki nao. Mzee anayesema "sisi tulikunywa maji ya kisima na hatukuumwa" anazungumza kwa niaba ya waliobaki. Wale waliokunywa maji ya kisima kile kile wakaharisha wakafa hawaji harusini kutoa ushahidi wao.

Na tusisahau jambo jingine. Zamani hizo mtoto wa kijijini aliyebanwa kifua hakuwa na jina la maradhi yake. Aliambiwa ana kifua, au amerogwa, au ni dhaifu tu. Wengine waliondoka bila mtu kuandika popote kwamba ilikuwa pumu. Tafiti za Jimma na Murang'a zinatuthibitishia kuwa vijijini ilikuwa chache. Hazisemi kwamba haikuwepo.

Hapa ndipo jina la "nadharia ya usafi" lilipotupoteza. Mwaka 2003 Profesa Graham Rook wa London alipendekeza jina jingine, "marafiki wa kale". Hoja yake ni kwamba viumbe vidogo vinavyotufundisha ni vile vilivyoishi nasi tangu enzi za mababu waliowinda na kuokota matunda: bakteria wa udongo, wa wanyama, wa utumbo wa mama. Hao hawana haja ya kutuua. Surua, ndui na kipindupindu ni wageni, waliokuja baadaye pale watu walipojazana mijini, na hawana somo lolote la kutupa. Surua hasa hufanya kinyume cha kufundisha. Mwaka 2019 watafiti waliwapima watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, wakakuta ugonjwa ule umefuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine. Mtoto alitoka kwenye surua akiwa amesahau aliyokwisha kujifunza.

Basi anayemnyima mtoto chanjo ili "ajifunze mwenyewe" anamwita mwizi nyumbani akidhani ni mwalimu. Kadhalika maziwa mabichi. Ni kweli kwamba kule Ulaya watoto waliokunywa maziwa ya shambani walionekana kuwa na mzio mchache, lakini maziwa yasiyochemshwa, ya ng'ombe au ya ngamia, huleta homa ya brusela, na ya ng'ombe yanaweza kuleta hata kifua kikuu. Kuchemsha maziwa ni desturi ya bibi zetu, na walijua sababu.

Miaka 150 ndani ya umri mmoja

Hapa tulipo, safari iliyoichukua Uingereza miaka 150 imefanyika ndani ya umri wa mtu mmoja. Kabla ya mafuta kupatikana Dubai mwaka 1966, watu wa kawaida waliishi katika nyumba za makuti ya mtende ziitwazo arishi, na wenye uwezo katika nyumba za mawe ya matumbawe, zilizoezekwa kwa boriti za mikoko zilizoletwa na majahazi kutoka pwani yetu. Mbuzi na kuku walikuwa uani. Upepo uliteremka kwenye minara ya barjili na kupita vyumbani. Hospitali ya kwanza ya kisasa, Al Maktoum, ilifunguliwa mwaka 1951. Kampuni ya umeme ya Dubai iliundwa mwaka 1959. Watoto wa hapa nao walikufa wengi. Mwaka 1960 zaidi ya mtoto 1 kati ya 10 hakufikia miaka mitano; leo ni chini ya 10 kati ya 1,000. Hakuna mwenye akili timamu atakayeomba kurudishwa huko.

Lakini mtoto wa ghorofa ya 20 amepoteza zizi na uani, na badala yake amepewa vizio vipya. Kwa kuwa kazi yangu ni mitambo ya viyoyozi, sehemu hii naijua zaidi kuliko nyingine. Utitiri wa vumbi, kidudu kisichoonekana kwa macho kinacholeta mzio wa pumu duniani kote, hanywi maji. Hufyonza unyevu wa hewa. Jangwani penye ukavu alipaswa kufa. Tumemfadhili sisi kwa mazulia ya ukuta hadi ukuta, masofa na magodoro mazito, katika mji wa pwani wenye unyevu mkali wa kiangazi. Watu hununua kiyoyozi kikubwa kuliko chumba wakidhani ndiyo ubora. Kiyoyozi cha namna hiyo hupoza upesi kikazima kabla hakijaikausha hewa, chumba kikabaki baridi na unyevunyevu, na hiyo ndiyo hali anayoipenda utitiri. Trei ya maji ikiziba, kuvu huota. Familia ikienda likizo Agosti ikazima kila kitu na kufunga madirisha, hurudi Septemba ikakuta kuvu kwenye kabati na ndani ya mifereji ya hewa.

Nje nako kuna mgeni tunayemjua vizuri. Katika kupanda miti ili kuikijanisha nchi, uliletwa mti wa asili ya Amerika ambao Waarabu wa hapa wanauita ghuwaifu. Usiuchanganye na ghafu, mti wa asili na wa taifa wa Emirati. Ndugu zetu wa Baringo, Garissa na Tana River wanaujua huo wa kigeni kwa jina la mathenge, mti ambao mwaka 2006 uliwafanya wakaaji wa Baringo kwenda mahakamani kuishtaki serikali, na mbuzi aliyeng'oka meno akiwa kielelezo. Wagonjwa wa pumu wa Emirati walipopimwa mzio kwenye ngozi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, chavua ya mti huo ilikuwa miongoni mwa vizio vilivyoongoza.

Na liko la ndani kabisa, ambalo sisi watu wa pwani hatupendi kuligusa: udi. Uchunguzi wa watoto wa shule nchini Oman, uliochapishwa mwaka 2009, haukuona kuwa ufukizaji wa udi nyumbani ndio unaoleta pumu. Lakini kwa mtoto ambaye tayari anayo, ulionekana kuwa miongoni mwa mambo yanayomwamsha kifua. Mtu afukize akitaka. Mwenye pumu asiwe chumbani, na dirisha liwe wazi.

Mambo mawili hapa yasichanganywe. Kukosa marafiki wa kale utotoni huifanya kinga iwe na hasira; vumbi, kuvu, chavua na moshi huichokoza. La kwanza likishapita hatuna mengi ya kulifanyia. La pili liko mikononi mwetu kila siku.

Karanga kwenye uji

Kuna pahala desturi zetu zilikuwa mbele ya vitabu. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri kwamba watoto walio katika hatari ya mzio wasipewe karanga hadi wafikie miaka 3. Wazazi walitii, na mzio wa karanga ukazidi kuongezeka. Mwaka 2008 ushauri huo uliachwa. Mwaka huo huo ilionekana kwamba watoto wa Kiyahudi wa Uingereza, ambao hawakupewa karanga uchangani, walikuwa na mzio huo mara 10 zaidi ya wenzao wa Israeli, ambao huzila mapema. Profesa Gideon Lack wa London akafanya jaribio kwa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari, akatangaza matokeo mwaka 2015: waliopewa karanga kabla ya kutimiza mwaka mmoja walipata mzio huo, walipofika miaka 5, kwa takriban watoto 3 kati ya 100; walionyimwa, kama 17 kati ya 100.

Bibi zetu waliokoroga uji wa unga wa lishe wenye karanga zilizosagwa hawakusoma jarida lolote. Walimpa mtoto kile walichokila, mapema, kidogo kidogo. Tahadhari ni mbili tu: karanga nzima humkaba mtoto mdogo, na mtoto mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai aonwe na daktari kwanza.

Kwa wanaokwenda nyumbani Julai

Wengi wetu tukisikia haya tunasema: basi nampeleka mtoto kwa bibi yake Pemba, au Kilifi, au Moshi, akacheze mchangani. Mpeleke, ni jambo jema kwa sababu nyingi kuliko kinga. Lakini kumbuka mfano wa malaria. Sisi tuliokulia kwenye mbu tulijengewa kinga fulani, kwa homa baada ya homa, na wenzetu wengi walikufa wakati sisi tukiijenga. Kinga ile hupungua mtu akikaa miaka bila kuumwa. Emirati ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria mwaka 2007, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa hapa hana kinga hata kidogo, na mzazi anayejiona mwenyeji hana aliyonayo zamani. Madaktari wa Ulaya wanajua vizuri kwamba wengi wa wagonjwa wao wa malaria ni Waafrika waliotoka kuwasalimia jamaa. Hata Unguja na Pemba, ambako malaria imepunguzwa sana, haijaisha. Dawa za kinga na chandarua si dharau kwa kijiji cha mtu.

Nini basi cha kushika? Mama anyonyeshe akiweza. Mtoto achangamane na wenzake, na asizuiwe kugusa udongo wa bustani, mbuzi wa jirani au mchanga wa pwani. Mikono ioshwe baada ya choo na kabla ya kula, kwa sabuni ya kawaida. Ale vyakula vingi vya aina mbalimbali, na mtindi usikose. Dawa za antibiotiki zisinunuliwe kiholela kwa kila mafua, kama tunavyofanya tukiwa likizo nyumbani, maana huua marafiki pamoja na maadui. Chujio za kiyoyozi zisafishwe, trei ikaguliwe, zulia la chumba cha mwenye pumu liondolewe, na kuanzia Novemba hadi Machi madirisha yafunguliwe siku isiyo na vumbi. Chanjo zote zikamilishwe.

La mwisho linamhusu yule mama aliyenyamaza. Pumu ya mwanawe haikuletwa na uvivu wake wala na usafi wake. Imeletwa na mambo mengi yaliyokutana, ya urithi na ya mji, mengi kabla hajajua kuwa ana mimba. Anayemwambia kwamba ile pampu inamzoesha mtoto udhaifu anamtia hatarini, kwa sababu mtoto wa pumu hufa kwa kukosa dawa ya kila siku, na kwetu Afrika wapo wengi wanaokufa hivyo hadi leo. Mzee wetu tumpe heshima yake, tumkubalie kuhusu zizi na udongo, kisha tumwombe atuhesabie wale wote aliocheza nao matopeni, mmoja mmoja kwa jina, hata wale ambao hawakuwahi kuanza shule. Naye mama ampeleke mtoto kwa bibi yake Julai, akacheze na mbuzi, na ndani ya begi aweke kadi ya chanjo, chandarua na pampu.